Saratani ya jicho kwa watoto: Ugonjwa unaotibika, safari inayochelewa

Mtoto anayegunduliwa kuwa na saratani ya jicho iitwayo retinoblastoma akiwa London, Toronto au Muscat ana matumaini makubwa ya kupona na kufikia utu uzima. Mwenzake anayeugua ugonjwa huo huo Bujumbura au Bukavu anaweza kufariki dunia kabla ya kufikisha umri wa kwenda shule. Ugonjwa ni mmoja, na dawa zake za msingi ni zile zile zilizotumika kwa miongo kadhaa. Kinachotofautiana zaidi ni muda unaopita kati ya siku mama anapoona jambo lisilo la kawaida katika jicho la mwanawe na siku mtoto huyo anapolala katika kitanda cha hospitali inayoweza kumtibu.

Tofauti hiyo imepimwa kwa tarakimu. Kundi la kimataifa la watafiti wa retinoblastoma lilikusanya habari za watoto 4,351 kutoka nchi 153, ambao wote waligunduliwa mwaka 2017, na matokeo yakachapishwa mwaka 2020 katika jarida la JAMA Oncology. Katika nchi tajiri, umri wa kati wa mtoto wakati wa kugunduliwa ulikuwa kiasi cha miezi 14. Katika nchi maskini ulikuwa miezi 30 na nusu. Muda huo wa ziada, usiopungua mwaka mmoja na miezi minne, ndio unaoupa uvimbe nafasi ya kulivunja jicho na kutoka nje. Kati ya watoto wa nchi maskini, asilimia 49.1 walifika hospitali saratani ikiwa imekwisha toka nje ya jicho. Katika nchi tajiri idadi hiyo ilikuwa asilimia 1.5 tu.

Watafiti hao waliendelea kuwafuatilia watoto wale, na mwaka 2022 wakatoa hesabu ya pili katika jarida la The Lancet Global Health. Baada ya miaka mitatu, asilimia 99.5 ya watoto wa nchi tajiri walikuwa hai. Katika nchi maskini walikuwa asilimia 57.3. Kwa vipimo vya Benki ya Dunia vya mwaka 2017, Uganda, Rwanda, Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na pia Tanzania zilihesabiwa katika kundi hilo la mwisho, ilhali Kenya ilikuwa daraja moja juu yake.

Wako wanaozisoma takwimu hizo na kuhitimisha kwamba Afrika Mashariki inakosa mashine. Ni kweli kwa kiasi fulani, lakini si kiini cha jambo lenyewe. Uvimbe ambao bado umo ndani ya jicho unaweza kutibiwa katika hospitali ya rufaa yenye vifaa vya wastani. Uvimbe uliokwisha ingia katika ubongo au uboho wa mifupa huwashinda mara nyingi hata madaktari wa hospitali zenye kila kitu.

Weupe ndani ya mboni

Retinoblastoma huanzia katika retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga na kupeleka habari kwenye ubongo. Huwapata watoto wadogo, wengi wao wakiwa chini ya umri wa miaka mitano, wasichana kwa wavulana. Hauambukizi, na hausababishwi na jambo lolote alilolitenda au kulila mama wakati wa ujauzito.

Dalili inayojulikana zaidi ni weupe unaong'aa ndani ya mboni, ambao mara nyingi huonekana kwenye mwanga hafifu au katika picha iliyopigwa kwa kamera yenye mwanga mkali. Jicho zima likimulikwa hivyo hutoa wekundu, kwa sababu mwanga huakisiwa na mishipa ya damu iliyo nyuma ya jicho. Panapokuwa na uvimbe, mwanga hugonga kitu cheupe na kurudi na weupe. Wazazi wengi husema walifananisha jicho la mtoto wao na la paka usiku. Katika uchunguzi ule wa mwaka 2017, zaidi ya watoto sita katika kila kumi walikuwa na dalili hiyo.

Dalili ya pili kwa wingi ni makengeza, nayo hupuuzwa zaidi, kwa kuwa watu wengi huamini kwamba makengeza ya mtoto huondoka yenyewe anapokua. Jicho kuwa jekundu, kuvimba na hatimaye kutokeza nje ni dalili za kuchelewa.

Hapa ndipo safari inapoanza kukwama, na si haki kuutupa mzigo wote kwa wazazi. Ni kweli kwamba zipo familia zinazodhani mtoto ametupiwa kijicho au amerogwa, zikaanza kwa mganga. Lakini uzoefu wa madaktari wa macho wa Afrika Mashariki unaonyesha kuwa akina mama wengi huona weupe huo mapema na kwenda zahanati mapema. Huko hupewa dawa ya kupaka machoni na kuambiwa warudi ikiwa hali haitabadilika. Wengine huambiwa ni mtoto wa jicho na kwamba upasuaji usubiri mtoto akue kidogo. Muuguzi aliyetoa ushauri huo huenda hajawahi kuona mgonjwa hata mmoja wa retinoblastoma maishani mwake, kwani ugonjwa wenyewe ni wa nadra: huwapata takriban mtoto mmoja katika kila watoto 17,000 wanaozaliwa hai.

Hata hivyo, unadra huo una upande wake wa pili. Uingereza, yenye hospitali mbili tu zinazotibu watoto wa retinoblastoma, moja London na nyingine Birmingham, hupata kati ya wagonjwa 40 na 50 kwa mwaka. Kenya, ambako huzaliwa watoto wengi zaidi, hutarajiwa kuwa na wagonjwa karibu mara mbili ya hao. Kwa maneno mengine, ugonjwa ulio adimu kwa muuguzi mmoja wa zahanati si adimu kwa taifa.

Uchunguzi usiohitaji kukata kinyama

Uchunguzi wa kwanza hauhitaji zaidi ya kifaa kidogo cha kumulika jicho, kinachotoshea mfukoni mwa koti la muuguzi. Uingereza, kila mtoto humulikwa macho katika saa 72 za kwanza za maisha yake na tena afikishapo wiki sita hadi nane. Kenya nayo iliingiza swali la weupe katika jicho ndani ya kijitabu cha afya ya mama na mtoto, kile ambacho mama hukibeba kila anapompeleka mwanawe kliniki kwa chanjo. Hatua hiyo haikugharimu fedha nyingi, na pengine ina uzito kuliko mashine kadhaa zilizozinduliwa kwa kukata utepe.

Mtoto akishafikishwa kwa daktari bingwa, hulazwa usingizi kwa dawa ili macho yote mawili yakaguliwe kwa utulivu hadi pembezoni mwa retina. Kipimo cha mawimbi ya sauti huonyesha uvimbe na chembechembe za chokaa zilizomo ndani yake, alama ambayo huwasaidia sana madaktari kuutambua ugonjwa huu. Picha ya sumaku, inayojulikana kama MRI, huonyesha kama saratani imeanza kuufuata mshipa wa fahamu unaoliunganisha jicho na ubongo.

Jambo linalowashangaza wazazi wengi ni kwamba, tofauti na saratani nyingine, madaktari hawachomi sindano ndani ya jicho kuchukua kinyama cha kupima. Kufanya hivyo kunaweza kuzitoa seli za saratani nje ya jicho na kugeuza ugonjwa unaotibika kuwa hatari kwa maisha. Uamuzi hufanywa kwa kutazama, kwa picha na kwa ujuzi wa mtazamaji. Kwa sababu hiyo, idadi ndogo ya mabingwa waliozoea kuuona ugonjwa huu ni tatizo zito kuliko upungufu wa maabara.

Kuliondoa jicho ili mtoto abaki

Swali gumu kuliko yote huja baada ya uchunguzi. Jicho lililojaa uvimbe, na ambalo halioni tena, kwa kawaida huondolewa. Upasuaji wenyewe huchukua muda wa kama saa moja, na daktari wa Uskochi James Wardrop alishaupendekeza tangu mwaka 1809 kwa ajili ya uvimbe wa aina hii. Ikiwa saratani bado imo ndani ya jicho, upasuaji huo pekee huweza kumponya mtoto kabisa.

Lakini kwa mzazi ni kauli nzito. Mtoto anacheza, anacheka, hana homa, na daktari anataka kumtoa jicho. Katika familia nyingi mama ndiye aliyekuja hospitali, ilhali idhini inasubiriwa kwa baba aliye safarini, kwa babu kijijini, au kwa kikao cha ukoo. Baadhi huondoka wakiahidi kurudi. Wanaporudi, baada ya miezi mitatu au sita, mara nyingi jicho limevimba na uamuzi uliokuwa mikononi mwao haupo tena.

Wahudumu waliofanikiwa kupunguza kukataa huko wanataja mambo mawili. La kwanza ni kumkutanisha mzazi na familia nyingine iliyopitia njia hiyo, na mtoto wao akaonekana akikimbia. La pili ni jicho la bandia. Mtoto anayeondoka hospitali na bandeji, bila kujulikana atapata lini jicho la bandia, huwa tangazo baya kwa kijiji kizima. Anayerudi nyumbani na jicho lililochongwa na kupakwa rangi kufanana na lile jingine huwa ushahidi mzuri kuliko mahubiri ya daktari. Jicho hilo huwekwa wiki kadhaa baada ya kidonda kupona, na hubadilishwa kadiri uso unavyokua. Ni ajabu kwamba katika bajeti nyingi bado huhesabiwa kama pambo.

Jicho lililotolewa nalo lina kazi. Hupelekwa maabara, na mtaalamu hutazama kama saratani imegusa mshipa wa fahamu au ukuta wa jicho. Jibu hilo ndilo linaloamua kama mtoto apewe tiba ya kemikali. Majibu yakichelewa au yakipotea, daktari hubaki akibahatisha: ama ampe dawa kali mtoto asiyezihitaji, ama amnyime anayezihitaji.

Pale uvimbe unapokuwa mdogo, jicho linaweza kuokolewa. Dawa tatu hutumika kwa wingi, nazo ni vincristine, carboplatin na etoposide, ambazo huunywesha uvimbe sumu hadi usinyae, kisha mabaki yake huchomwa kwa miale ya leza au kugandishwa kwa baridi kali. Tangu mwaka 2006, madaktari wa New York, wakiendeleza kazi iliyoanzishwa na wenzao wa Japani, wamekuwa wakipitisha mrija mwembamba kutoka kwenye paja hadi katika mshipa wa damu unaolisha jicho, na kuimimina dawa humo humo. Zipo pia sindano za dawa zinazopigwa ndani ya jicho kwa utaratibu maalumu wa kuzuia seli kutoka. Mionzi ya kutoka nje, ambayo zamani ilikuwa tegemeo, sasa hukwepwa inapowezekana, kwa sababu huongeza hatari ya saratani nyingine miaka mingi baadaye kwa watoto waliourithi ugonjwa huu.

Michango ya kwenda ng'ambo

Habari za tiba hizo mpya huwafikia Waswahili walioko ughaibuni mapema, na mara nyingi wao ndio wanaoombwa msaada. Picha ya mtoto huzungushwa katika makundi ya simu kutoka Dubai hadi Minneapolis, na michango huanza ili apelekwe India, ambako vituo kama L V Prasad mjini Hyderabad vimejijengea sifa katika ugonjwa huu.

Nia ni njema, na wapo waliofaidika. Tatizo ni kalenda. Kukusanya fedha, kutafuta pasipoti za mtoto na mzazi, viza na tiketi kunaweza kula wiki nyingi, na muda huo wote uvimbe haupumziki. Mtoto ambaye jicho lake lilipaswa kuondolewa Moshi au Dar es Salaam mwezi wa kwanza anaweza kufika ng'ambo mwezi wa nne akiwa na ugonjwa wa daraja nyingine. Aidha tiba ya kuokoa jicho si ya safari moja. Huhitaji ukaguzi chini ya dawa ya usingizi kila baada ya wiki chache, pengine kwa miaka kadhaa, na wachache huweza kuchangiwa nauli mara kumi.

Zaidi ya hayo, Afrika Mashariki haiko mikono mitupu. Muhimbili, KCMC na CCBRT nchini Tanzania, Hospitali ya Taifa ya Kenyatta na ile ya Kikuyu nchini Kenya, na kituo cha macho cha Ruharo mjini Mbarara nchini Uganda, zote zimewahudumia watoto wa retinoblastoma kwa miaka mingi. Mfano wa Ruharo una mafunzo ya kipekee. Kituo hicho, ambacho si hospitali kubwa ya chuo kikuu, kilianza mwaka 2009 kutoa tiba ya kemikali kwa utaratibu uliorahisishwa, huku kikiwasaidia wazazi kwa usafiri na malazi. Ripoti iliyochapishwa mwaka 2015 ilionyesha kwamba watoto waliopona waliongezeka kutoka chini ya nusu hadi karibu theluthi mbili. Kenya kwa upande wake iliwakutanisha wataalamu wake mwaka 2008 kupanga mkakati wa kitaifa, na mwaka 2014 ikatoa mwongozo wa matibabu ili mtoto wa Eldoret na wa Nairobi watibiwe kwa kanuni moja.

Simu hizo hizo za michango zina matumizi mengine. Nchini Marekani, mwanakemia Bryan Shaw wa Chuo Kikuu cha Baylor, ambaye mwanawe aliugua retinoblastoma, alizirudia picha za kifamilia na kukuta weupe ulikuwa ukionekana tangu mtoto akiwa mchanga kabisa. Yeye na wenzake walitengeneza programu ya simu inayotafuta weupe huo katika picha. Katika uchunguzi waliouchapisha mwaka 2019, programu hiyo iliutambua weupe kwa watoto wanane kati ya kumi waliougua, kwa wastani wa mwaka mmoja na zaidi kabla ya daktari kuwagundua. Haitoi hukumu ya mwisho, kwani weupe unaweza pia kuletwa na mtoto wa jicho, au na pembe tu ya kamera. Na simu nyingi za siku hizi hurekebisha rangi za macho katika picha zenyewe. Lakini shangazi aliyeko Sharjah anayeona jicho moja la mpwawe likirudia kung'aa kwa weupe katika picha anazotumiwa ana sababu ya kutosha kupiga simu nyumbani siku hiyo hiyo.

Watu wazima na jua la ikweta

Kwa watu wazima, saratani ya jicho inayotikisa kanda hii ni nyingine kabisa. Hutokea juu ya jicho, katika ngozi nyembamba inayofunika weupe wake, na mwanzoni hufanana na kinyama cha kawaida kinachowapata watu wanaoshinda juani na vumbini. Mambo mawili yameifanya iwe nyingi Afrika Mashariki: mionzi mikali ya jua la ikweta na virusi vya UKIMWI. Kwa baadhi ya wagonjwa, jicho ndilo lililowafanya wapimwe VVU kwa mara ya kwanza.

Tiba yake ni kuukata uvimbe, lakini hurudi mara kwa mara. Daktari Stephen Gichuhi wa Kenya na wenzake walijaribu kuwapa wagonjwa matone ya dawa ya fluorouracil kwa wiki nne baada ya upasuaji. Katika matokeo waliyoyatoa mwaka 2016, saratani ilirudi ndani ya mwaka mmoja kwa wagonjwa 5 kati ya 47 waliotumia dawa hiyo, ikilinganishwa na 17 kati ya 47 waliopewa matone yasiyo na dawa. Ni dawa ya zamani na ya bei nafuu, na jaribio lilifanyika Kenya kwa ugonjwa unaowasumbua Wakenya, jambo ambalo halitokei mara nyingi.

Saratani ya jicho inayozungumzwa zaidi Ulaya na Marekani, melanoma ya ndani ya jicho, ni adimu sana kwa watu weusi na huwapata hasa watu wenye ngozi na macho ya rangi nyepesi.

Dawa, na kizazi kinachofuata

Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango wa saratani za watoto, likilenga angalau asilimia 60 ya watoto wanaougua wapone ifikapo mwaka 2030. Retinoblastoma ni miongoni mwa saratani sita zilizochaguliwa kuwa kipimo. Mpango mwingine, unaoendeshwa na shirika hilo pamoja na hospitali ya St. Jude ya Marekani kwa ajili ya kuzipatia nchi dawa za saratani za watoto bila malipo, ulianza kupeleka shehena mwaka 2025. Katika nchi sita za majaribio, Zambia pekee ndiyo ya Afrika. Kwa hospitali ambazo mzazi huandikiwa vincristine akainunue mwenyewe mjini, tena bila uhakika wa ubora wake, jambo hilo linasubiriwa kwa hamu.

Kadiri watoto wengi wanavyopona, linajitokeza suala ambalo hapo zamani halikuwapo. Takriban wanne kati ya kila wagonjwa kumi, wakiwemo wote wanaougua macho yote mawili, wana kasoro ya jeni iitwayo RB1 katika mwili mzima, na kila mtoto watakayemzaa ana nusu ya uwezekano wa kuirithi. Mtaalamu wa Marekani Alfred Knudson alieleza namna ugonjwa huu unavyorithiwa mwaka 1971, na jeni yenyewe ikapatikana mwaka 1986. Kipimo cha jeni bado ni ghali na si rahisi kukipata katika kanda hii, lakini kuyakagua macho ya ndugu wa mgonjwa kunawezekana katika kituo chochote chenye daktari bingwa wa macho. Watoto waliotibiwa Mbarara, Nairobi na Moshi katika miaka ya 2000 sasa ni vijana wanaooa na kuolewa. Watoto wao wanahitaji kukaguliwa macho tangu siku za kwanza baada ya kuzaliwa, na katika wodi nyingi za wazazi bado hakuna anayewauliza kuhusu jambo hilo.